Jembe Lililoanguka Tashkent

Sofia, Bulgaria
Jumatatu, 7 Aprili 2025

Baba,

Mwangaluka. Mimi ni mzima. Nimeandika kwa mkono kama ulivyotaka. Nitaipiga picha barua hii nimtumie kaka Shija pale steshenari kwake Somanda, aichapishe na kumpa kondakta wa basi la Mwandoya. Ulisema kwenye simu maneno yanapotea kabla hujayajibu. Haya hayatapotea.

Uliniuliza mchezo wenyewe wa jimnastiki unakwendaje. Mchezaji anaingia peke yake kwenye zulia la mita kumi na tatu kwa kumi na tatu. Ana dakika moja na nusu. Kwa siku mbili anacheza mara nne: kwa ringi, kwa mpira, kwa virungu viwili na kwa utepe wa mita sita. Muziki unapigwa, majaji wamekaa mezani wanaandika alama. Hakuna kundi la pili linalocheza upande wa pili wa uwanja. Watu hawahami. Wamekaa kwenye viti vyenye namba.

Virungu nimevicheza kwa ngoma yenu, ile aliyoirekodi Shija nyumbani kwa mzee Jilala. Nilivirusha kwa nyuma ya mgongo, kama mnavyorusha jembe kwenye ngoma ya bugobogobo. Nilipomaliza, watu wa upande wa kushoto walisimama.

Mwalimu Benedikta anakusalimu. Mwisho wa mwezi tutakuwa Tashkent, mwezi wa tano Portimão kule Ureno, mwezi wa sita Cairo. Baada ya hapo ofisi ya chama cha mchezo wetu itaamua nafasi ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ni yangu au ya Goodness wa Arusha. Nafasi ni moja.

Mwanao,
Milembe


Mwandoya
16 Aprili 2025

Mayu,

Mwangaluka. Mwanangu, barua imefika ikiwa na alama ya kidole cha kondakta, inaonekana alikuwa anakula maandazi, lakini inasomeka. Nimeisoma mara mbili nyumbani, kisha nikaisoma mnadani.

Umeshinda. Watu wakisimama, mambo yamekwisha. Huku makundi mawili yanaingia uwanjani pamoja, sisi Wagalu huku, Wagika kule, kila manju, kiongozi wa ngoma, anapiga yake, na aliyezungukwa na watu wengi jua likishuka ndiye mshindi. Hilo hakuna anayehitaji kuliandika mezani.

Luhaga alikuwepo. Unamjua manju wa Wagika, hawezi kukaa kimya ng'ombe wakiuzwa. Akasema, "Ndalahwa, binti yako anacheza dakika moja na nusu? Mimi dakika moja na nusu nafunga kamba za njuga."

Nikamwambia, "Ndiyo maana unachoka kabla hujaanza."

Watu wakacheka. Akauliza kama hao Wazungu walisimama kwa ajili yako au walikuwa wanatafuta choo. Nikamwambia aende akawaulize mwenyewe.

Jilala nimemwambia ngoma yake imepigwa Bulgaria. Kesho yake nilimkuta anaipaka mafuta ile ngozi, ambayo hakuwa ameigusa tangu mavuno ya mwaka jana.

Neno moja. Jembe likianguka, unajua la kufanya. Usilikimbilie. Lizunguke mara tatu ukicheza, kisha uliinue kwa mguu. Anayelikimbilia jembe anawaambia watu kwamba ameaibika. Nilikufundisha ukiwa na miaka saba. Usisahau kwa sababu zulia ni la Wazungu.

Baba yako,
Ndalahwa


Tashkent, Uzbekistan
28 Aprili 2025

Baba,

Kirungu kilianguka. Ilikuwa sekunde ya hamsini na mbili. Kilinipita mkononi kikaenda mpaka karibu na mstari.

Mwenzangu yeyote kikimponyoka anakimbia kukiokota, maana kila hatua ya ziada inakatwa alama. Miguu yangu haikukimbia. Sikuwa nimeikumbuka barua yako, nakwambia kweli. Nilijikuta nazunguka. Mara tatu. Nikakiinua kwa mguu. Watu walikuwa wanapiga makofi kwa mapigo ya Jilala. Muziki uliisha nikiwa bado nimebakiza mirusho miwili.

Nilipotoka, mwalimu Benedikta aliuliza, "Milembe, ulikuwa unafanya nini pale?"

"Kwetu ndivyo inavyofanyika."

"Kwetu wapi? Mimi nimezaliwa Nyalikungu, Maswa, na sijaona kitu kama hicho."

Nikamwambia Nyalikungu ni mjini. Hakucheka.

Nafasi niliyopata inaridhisha kwa msimu wa kwanza. Mengine tutaongea nikirudi.

Milembe


Mwandoya
9 Mei 2025

Mayu,

Nilijua miguu yako itakumbuka. Huyo mwalimu wako mwache, watu wa Maswa mjini ndivyo walivyo. Mnadani sasa hawasemi Tashkent, wanasema pale jembe lilipoangukia. Wanajua umelizunguka mara tatu mbele ya mataifa na hukuinama.

Pamba imeanza kupasuka. Mama yako na mdogo wako Nyanjige wako shambani tangu asubuhi.

Mashindano ya ngoma mwaka huu yamekuja na mambo mapya. Wafadhili wameweka kamba kuzunguka uwanja, na meza yenye majaji watatu kutoka mjini wenye karatasi. Kila kundi linaingia peke yake, dakika saba, kisha filimbi. Jumamosi tulifanya majaribio hapa Mwandoya, makundi sita. Mashindano yenyewe ni Bariadi, tarehe 14 Juni.

Luhaga alicheza akiwatazama majaji mwanzo mpaka mwisho, kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Tumemshinda. Usiwe na wasiwasi na sisi.

Ndalahwa


Portimão, Ureno
12 Mei 2025

Baba,

Portimão imekwisha. Ngoma ilipigwa na ilisikika vizuri. Mwambie mzee Jilala. Kirungu hakikuanguka. Watu walifurahi.

Leo tunakwenda kambini Cairo. Tutakaa huko mpaka mashindano.

Milembe


Somanda, Bariadi
19 Mei 2025

Kwa baba mdogo Ndalahwa, na kwa Milembe. Nakala mbili.

Mimi ndiye ninayezichapisha barua zenu, na siwezi kuzichapisha bila kuziona. Nimechoka kuwa posta ya waongo wawili.

Milembe, matokeo yako yapo mtandaoni, yeyote mwenye bando anayaona. Sofia, alama 68.40, nafasi ya 41 kati ya 43. Tashkent, alama 66.85, nafasi ya 38 kati ya 38. Virungu peke yake vilipata 13.20. Portimão, alama 73.90, nafasi ya 29 kati ya 34. Video ya Portimão nimeitazama mara mbili. Muziki wa virungu ni kinanda. Ngoma ya mzee Jilala haimo.

Baba mdogo, karatasi za majaji wa Mwandoya nilizichapisha mimi na matokeo nikayachapisha mimi. Makundi sita, ninyi wa sita, alama 41 kwa mia. Luhaga 83. Mlipewa dakika saba, mkacheza kumi na tisa, na muda wote uliwapa majaji mgongo.

Kila mmoja wenu anadhani mwenzake anashinda. Milembe anaficha kwa sababu hataki kuwa mtu wa kwanza kushindwa kwenye nyumba ya manju. Wewe, baba mdogo, unaficha kwa sababu binti yako amesimamisha Wazungu. Hakuna aliyemsimamisha mtu mezani.

Nimewaandikia bila kuulizwa. Mkitaka posta nyingine, ipo. Wateja wananisubiri.

Shija


Mwandoya
23 Mei 2025

Mayu,

Shija amesema kweli. Nilikwenda na barua yake mpaka ng'ambo ya lambo ili nikasirike peke yangu, nikarudi nikiwa sijakasirika.

Niliwapa majaji mgongo kwa sababu watu walikuwa upande wa pili wa kamba. Ningefanya nini, niwape watu mgongo? Dakika saba sizijui. Wimbo wa kuingia uwanjani peke yake una dakika tano. Filimbi nilisikia. Nilidhani ni trafiki.

Kushindwa kwako hakunisumbui. Nimeshindwa na Luhaga mara nne katika maisha yangu na bado nakula. Kinanda ndicho kinachonisumbua. Jilala aliniuliza Wareno walisemaje. Nikamwambia walifurahi. Sasa nimeubeba uongo wako na wangu kwa mdomo mmoja, na yule mzee ameamini yote mawili.

Sikuamrishi. Zulia ni lako. Kama Cairo kitapigwa kinanda, uniandikie mapema nimwambie Jilala mwenyewe, asije akasikia kwa Luhaga.

Na kuhusu kulizunguka jembe. Mara tatu ni kwa uwanja wa wazi, na siku nzima ni yako. Mwenye dakika moja na nusu azunguke mara moja. Hilo nalibadilisha mimi, manju, na hakuna wa kuniuliza.

Baba yako,
Ndalahwa


Cairo, Misri
30 Mei 2025

Baba,

Nimeisoma barua yako kwenye ngazi za ukumbi kabla ya mazoezi. Nikachelewa mazoezi.

Sasa nakuandikia kila kitu. Baada ya Tashkent mwalimu Benedikta aliniwekea karatasi za majaji mbele yangu. Waliandika kwamba muziki wa virungu hauna mwanzo wala mwisho, na mrusho wa nyuma ya mgongo hawakuupa alama niliyoitegemea. Siku hiyo hiyo ikaja barua ya ofisi: Cairo nipate jumla ya 76, la sivyo nafasi ni ya Goodness. Mwalimu akaleta kinanda. Nikakubali. Virungu vikapata 19.10 Portimão. Nilishuka kwenye zulia sikumbuki hata kimoja nilichokifanya pale juu. Ndipo nikakuandikia kwamba ngoma ilisikika.

Wiki hii tumebishana. Orodha ya muziki inafungwa Jumatatu. Mwalimu alisema, "Unataka kupoteza mashindano ya dunia kwa ajili ya ngoma ya mzee mmoja wa Mwandoya?"

"Si mmoja. Wako saba, na mmoja ni baba yangu."

"Majaji hawamjui baba yako."

"Ndiyo maana nataka wamsikie."

Akasema hiyo ni hasira, si mpango. Basi nikamwonyesha mpango. Ofisi inataka 76. Haikusema zitoke wapi. Ringi, mpira na utepe nitavicheza kama majaji wanavyotaka, kila kidole mahali pake, muziki walioutaka wao. Hivyo vitatu viniletee 59. Zinabaki 17, na hizo nazitafuta kwa virungu, kwa ngoma yenu, kwa mrusho wa jembe. Nimeongeza mizunguko miwili migumu ambayo lazima waihesabu. Kumi na saba nazipata hata kirungu kikianguka mara moja nikakizunguka mara moja. Hiyo mara moja ulinipa wewe, nimeiingiza kwenye hesabu.

Tatizo ni hiyo 59. Portimão vyote vitatu viliniletea 54.80. Kwa hiyo naamka, nafanya utepe, nakula, nafanya ringi, nafanya mpira, nalala. Kisigino cha kulia kimepasuka, nimekifunga plasta.

Mwalimu aliipitia ile karatasi mstari kwa mstari. Akasema, "Hesabu yako haina nafasi ya kukosea kwenye utepe." Nikamwambia sitakosea kwenye utepe. Akaweka sahihi, akasema nikishindwa nisitaje jina lake Maswa.

Mwambie mzee Jilala ngoma imeorodheshwa. Safari hii ni kweli.

Milembe


Bariadi, steshenari kwa Shija
Jumamosi, 14 Juni 2025

Mayu,

Naandika nikiwa nimekaa kwenye ndoo ya rangi nyuma ya mashine ya Shija, vumbi la uwanjani bado liko miguuni.

Barua yako ya hesabu niliwasomea wenzangu wote sita wiki iliyopita. Malimi akasema binti ana akili kuliko manju. Nikamwambia amezipata kwa nani. Akasema kwa mama yake. Tukaacha hapo.

Tukafanya kama wewe. Leo tumeingia uwanjani tukiwa na saa ya Shija. Tumewatazama majaji. Nimepunguza wimbo wa kuingia mpaka ukabaki kama salamu ya mtu mwenye haraka. Majembe yamepanda pamoja, yameshuka pamoja. Dakika sita na sekunde hamsini, tukainamisha vichwa mbele ya meza. Jaji wa katikati aliangalia saa yake, akaangalia karatasi, kama mtu aliyetafuta kosa akalikosa.

Filimbi ikalia. Meza imepata yake. Ndipo nikainyanyua kamba.

Tumetoka tukicheza, mpaka barabarani, upande wa kwenda hospitali. Jilala mbele. Sikumwita mtu. Wa kwanza kutufuata walikuwa bodaboda, wanapenda kelele. Kisha akina mama wa nyanya. Kisha watu wakaanza kupita chini ya kamba, na kundi la mwisho lilikuwa linacheza kwa majaji watatu na muuza soda. Hao nawaonea huruma, hawakutukosea.

Tumecheza dakika ngapi sijui. Saa nilimrudishia Shija.

Katikati ya ngoma jembe la Malimi lilianguka kwenye lami. Ulishawahi kusikia jembe linavyolia kwenye lami? Malimi akalizunguka mara tatu, pole pole, na pikipiki zimesimama pande zote mbili. Akaliinua kwa mguu. Mayu, nina miaka hamsini na sita, sijasikia watu wa Bariadi wakipiga kelele vile.

Matokeo: sisi wa tano kati ya sita. Walisema kutoka uwanjani ni utovu wa nidhamu, wakatukata alama kumi. Luhaga ni wa kwanza. Nilimwona amesimama barabarani katikati ya watu, kombe kwapani, anatutazama. Nikamwambia, "Hongera, mshindi." Akasema, "Nyamaza, nasikiliza."

Shija ameshayaona matokeo yako kwenye kompyuta. Nimeona uso wake na sikuuelewa. Alitaka kuniambia nikamkataza. Jilala naye amekataa kuambiwa, amekaa nje na ngoma yake. Tunangoja karatasi.

Baba yako,
Ndalahwa


Cairo, Misri
Jumapili, 15 Juni 2025

Baba,

Barua yako Shija alinitumia jana hiyo hiyo. Hakuniandikia neno lake hata moja, kwa hiyo najua hamjui. Naandika kwa mpangilio.

Ijumaa. Ringi, 19.80. Mpira, 20.15. Mpira haujawahi kunipa ishirini. Mwalimu Benedikta alinipa maji.

Jumamosi kundi letu lilianza na utepe. Feni ya ukumbini ilikuwa inapeperusha ncha yake. Niliukaza mkono mpaka bega likauma. Utepe haukufunga fundo. 19.25. Jumla 59.20. Zilibaki 16.80.

Tulisubiri dakika arobaini kwenye chumba cha mazoezi. Mwalimu akauliza, "Bado unataka ngoma?" Nikasema orodha imeshafungwa. Akasema, "Sikuuliza orodha." Nikasema nataka.

Mapigo ya mzee Jilala yalipoanza, waliokuwa wanaongea ukumbini waliacha. Mrusho wa kwanza nyuma ya mgongo niliudaka. Wa pili niliudaka. Mizunguko niliyoiongeza ilikaa. Mrusho wa tatu kirungu kiligonga kidole gumba, kikaanguka hatua nne kutoka kwangu.

Mwalimu alikuwa ukingoni mwa zulia. Nilimsikia akisema, "Okota." Kisha nikamsikia akisema, kwa sauti ya chini, "Haya, mara moja."

Nilikizunguka mara moja. Nikakiinua kwa mguu, kikarudi juu kwenye pigo lake, nikakidaka nikiwa nimekunja mkono wa pili mgongoni. Nilimaliza pamoja na ngoma. Hakuna mrusho uliobaki.

Virungu 17.05. Jumla 76.25. Nafasi ya kumi na tisa kati ya ishirini na sita. Leo asubuhi ofisi imeandika kwamba mwezi wa nane naenda mimi, na mwisho wa barua wamependekeza kwamba huko nitumie kinanda. Mwalimu amewajibu yeye mwenyewe, kabla sijaomba. Aliandika mistari miwili na hakunionyesha.

Mpe mzee Jilala karatasi hii aishike, hata kama hasomi. Ile 17.05 ya virungu ndiyo yake.

Mwambie na Malimi kwamba hapa pia lilianguka. Nilipokuwa nalizunguka, jaji wa pili kutoka kulia aliweka kalamu chini, akatikisa kichwa kwa kufuata mapigo ya ngoma. Nilimwona vizuri, maana sikuwa nakimbia.

Mwanao,
Milembe